Mbiu Bila Mgambo

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilisukuma mawimbi yaliyoivuka Bahari ya Hindi na kufika pwani ya Afrika saa kadhaa baadaye. Kenya, ambako habari za Asia zilikuwa zimeshasikika na wakuu wakaamuru watu waondolewe kwenye fukwe za Mombasa, ilipoteza mtu mmoja. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Somalia, ambayo wakati ule haikuwa na serikali yenye mkono wa kufika vijijini, ilipoteza karibu watu 300. Ni kweli kwamba mawimbi yalipiga rasi ya Hafun nchini Somalia kwa nguvu kuliko yalivyopiga Mombasa, na tofauti yote hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya amri. Lakini siku ile hakuna nchi hata moja kati ya hizo tatu iliyokuwa na mtambo wa kutambua tsunami. Mombasa ilikuwa na kitu kingine: mtu mwenye madaraka aliyesikia habari ambayo kila mwenye redio angeweza kuisikia, akaona kwamba inamhusu yeye, akatoa amri.

Toleo hili linazungumzia uratibu wa mifumo ya tahadhari ya mapema, na neno hilo "uratibu" limechakaa kwa kutumika kwenye warsha. Mara nyingi huwa na maana ya kikao kingine, kamati nyingine, na orodha ndefu zaidi ya wanaopelekewa barua pepe. Sisi tunalitumia kwa maana nyembamba. Uratibu ni makubaliano yaliyoandikwa kabla ya msimu wa mvua, yanayosema kipimo gani kikifikiwa, nani afanye nini, kwa fedha ipi, bila kusubiri kibali cha mkubwa wake. Tahadhari isiyo na makubaliano hayo nyuma yake ni habari tu. Zamani mbiu ya mgambo ilipolia mjini, watu walijua imepigwa kwa idhini ya nani na wao wanatakiwa wafanye nini. Siku hizi mbiu tunazo nyingi, tena za kila namna, kuanzia redio hadi makundi ya WhatsApp. Kilichopungua ni mgambo.

Tazama Kimbunga Hidaya, kilichofika kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa taarifa zake siku kadhaa mapema, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari. Baharini utabiri uligeuka amri upesi kwa sababu mnyororo ni mfupi: bahari ikichafuka, boti haiondoki, na anayeizuia anajulikana. Nchi kavu taarifa hiyohiyo ilitangazwa kwa wote. Mvua ikanyesha, madaraja ya Kilwa upande wa Somanga yakabebwa na maji, na barabara ya Lindi na Mtwara ikakatika kwa siku kadhaa. Hatudai kwamba onyo lingeyashikilia madaraja yale. Tunauliza swali dogo zaidi: kipimo kipi cha mvua, kikitabiriwa, kinamlazimu nani afunge barabara, asogeze mitambo ya matengenezo karibu na kuhakikisha dawa na mafuta vimeshavuka? Jibu likiwa "inategemea", basi hakuna mfumo.

Mji wa Katesh, mkoani Manyara, unatufundisha jambo gumu zaidi. Utabiri wa vuli ya 2023 ulishasema mvua zingekuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Desemba 3 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya makazi, na zaidi ya watu 80 wakafa. Wa hali ya hewa wanajua mvua. Wanajiolojia wanajua mlima. Halmashauri inajua nani amejenga wapi, na wafugaji wa pale wanajua korongo lipi hujaa kwanza. Maarifa hayo yote yalikuwepo nchini, kila moja kwenye ofisi yake au kichwani mwa mwenyeji wake, na hatari ilikuwa pale yanapokutana. Mvua haiui kwa milimita. Inaua kwa mteremko, kwa kalvati lililoziba, kwa nyumba iliyokaa mkondoni. Utabiri unaoishia kwenye milimita umeishia katikati ya safari.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ya maarifa kutawanyika hivyo ni mamlaka moja yenye nguvu, yenye sauti moja. Hoja hii ina uzito, na tumeona sauti mbili zikigongana. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño iliyoogopwa haingekuja, ilhali Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo ilikuwa imetabiri mvua za juu ya wastani. Zilikuja, na mafuriko yakaua zaidi ya watu 100. Lakini mfano huo unaipinga hoja kuliko unavyoiunga mkono: sauti iliyokosea ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Ngazi zipo. Kinachohitajika ni kwamba ngazi ya chini iruhusiwe kutenda kipimo kikifikiwa, hata kama simu ya juu haijapokelewa.

Pingamizi la pili ni la umaskini: tununue kwanza rada, mengine baadaye. Rada tunazihitaji, hilo halina ubishi. Lakini Bangladesh haikuwa tajiri ilipoanza. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambako onyo la redio lilisikika na wengi wakabaki majumbani. Mwaka 1972 taifa hilo changa, lililotoka vitani, lilianzisha mpango wa watu wa kujitolea pamoja na chama ambacho leo kinaitwa Hilali Nyekundu: bendera, vipaza sauti, na mtu wa kijijini anayejua mlango wa nani agonge. Leo wamezidi 70,000. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na vifo vikahesabika kwa makumi. Makazi ya kujikinga na utabiri bora vilichangia sana, lakini vilikuta watu wameshajipanga.

Linalobaki ni hofu ya kengele ya uongo, nayo tunaiheshimu kuliko zote. Mkazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, aliyehama mara mbili bure, akarudi na kukuta mabati yameibwa, mara ya tatu hataondoka, na si kwa ujinga. Amepiga hesabu. Basi gharama ya kuhama bure isibebwe na yeye peke yake: awepo mlinzi wa mtaa, iwepo nauli, na atakayeeleza baadaye kwa nini mvua haikuja. Hayo yote ni sehemu ya mfumo kama ilivyo setilaiti, ila hayaonekani kwenye michoro ya wataalamu.

Ndiyo maana makala za toleo hili tumezipanga kinyume na desturi. Tunaanzia usiku wa Aprili 29, 2024, Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalipovunja tuta na kuwakuta watu usingizini, saa ambayo ujumbe wa simu haumwamshi mtu. Kutoka hapo tunapanda kwa mwenyekiti wa kijiji, halmashauri, wizara. Setilaiti imekaa kurasa za mwisho. Hatukuisahau.