KIBANDIKO CHA HALALI HAKIOSHI SUFURIA



Ndugu yangu Muislamu, ukiingia mji mgeni na njaa imekushika, swali lako la kwanza ni moja: "Hapa halali?" Mhudumu anaitikia, anakuonesha kibandiko cha kijani ukutani, unavuta kiti, unasema Bismillahi, mambo yamekwisha. Hukuuliza wali umepikwa lini. Hukutazama karai. Hukuuliza hata bei. Kwako halali imeanzia kwenye kisu cha mchinjaji na imeishia hapo hapo.

Leo nataka tugombane kidogo juu ya jambo hili. Na wale ambao tayari wanaandika kwamba sheikh ameacha tauhidi anazungumzia biriani, nawaambia wasubiri. Mimi napenda kula na sioni haya. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akipenda nyama ya mkono wa mbuzi, na Anas bin Malik alimuona akifuatafuata vipande vya mung'unye pembezoni mwa sahani, na tangu siku ile Anas naye akaupenda mung'unye. Maswahaba waliona jambo hilo linafaa kuhifadhiwa na kusimuliwa. Basi mlo si upuuzi katika dini hii.

Rudi kwenye Suratul Baqara, aya ya 168. Mwenyezi Mungu anawaita watu wote, si waumini peke yao, na anapowaambia wale vilivyomo ardhini anataja sifa mbili: halali, na twayyib. Sisi tumeikamata ya kwanza kwa mikono miwili, ya pili tumeiacha mlangoni pamoja na viatu. Mbuzi akichinjwa kwa kutajwa jina la Allah, kisha nyama yake ikalala kwenye joto hadi ikavunda, utasema nini? Kisu kilikuwa sawa. Nyama imeharibika.

Sasa hebu tukae kwenye hadithi moja, imo katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la chakula linauzwa. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakutana na unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke ule uliolowa juu, watu wauone? Kisha likaja lile onyo zito kwa mwenye kughushi, na nyote mnalijua. Angalia vizuri ndugu yangu: lile rundo halikuwa nguruwe wala mzoga. Ilikuwa nafaka halali, imelowa tu. Haramu iliingia pale kikavu kilipowekwa juu na kibichi kikafichwa chini.

Chukua hadithi hiyo uingie nayo jikoni kwa hao wenye vibandiko. Pilau ya jana imechanganywa na ya leo, ikapashwa moto na kutiwa kitunguu kipya cha kukaanga juu, inanukia kama imeshuka jikoni sasa hivi. Hilo ni rundo la sokoni, tofauti ni sufuria tu. Wali una tatizo lake: kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukiachwa kwenye joto la kawaida huota na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha upya haiondoki. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kinachosubiri mlaji kiwekwe kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 60. Ni hoteli ngapi unazozijua zinafanya hivyo?

Au biriani. Biriani ya pwani, yenye wali mbali na masala mbali, ni katika neema kubwa za Allah kwetu. Lakini umeandika "biriani ya zafarani", na zafarani unaijua bei yake, nami naijua. Kilichomo ni rangi ya unga ya pakiti. Rangi yenyewe sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni neno. Andika "biriani ya rangi" uone kama nitafungua mdomo. Juisi ya embe vilevile: glasi nzima haina hata kipande cha embe, ni sukari, maji na harufu ya chupa. Umeuza jina la tunda.

Na mafuta, jamani, mafuta! Bajia ikitoka kwenye mafuta mazuri huwa kavu kwa nje, ukiivunja inatoa mvuke, na kidole hakibaki na gundi. Mafuta yaliyochoka hujisema yenyewe. Yamekuwa meusi, mazito, yanatoa povu lisilotulia, yanafuka moshi kabla hayajapata moto sawasawa, na sambusa inayotoka humo imebeba ladha ya samaki wa juzi. Mwenye hoteli anayajua kuliko wewe. Ndiyo maana karai liko nyuma na kibandiko kiko mbele.

Msidhani haya nimeyatoa kwa wazungu. Wazee wetu katika elimu waliyaandika kabla ya friji kuzaliwa. Al-Shayzari, aliyeishi karne ya 12 huko Shamu, aliandika kitabu kizima cha kumuongoza muhtasibu, yule msimamizi wa soko, na ndani yake wamo waokaji, wapishi, wakaanga samaki, hata watengeneza vitamu. Mkanda unga asikande kwa miguu wala magoti. Afunge kitambaa usoni na kingine kwenye paji, jasho lisidondoke, na awepo mtu wa kufukuza nzi. Watengeneza soseji alitaka wakae karibu kabisa na kituo cha muhtasibu, maana alijua ndani ya ule utumbo mtu anaweza kujaza chochote. (Karne tisa zimepita na bado sili soseji nisiyomjua aliyeitengeneza.) Huyo alikuwa mwanachuoni akiandika juu ya kuamrisha mema na kukataza mabaya. Kwake paji la muokaji lilikuwa mas-ala ya dini. Kwetu limekuwa "sheikh anatafuta likes".

Bei nayo. Umekaa ufukweni, mhudumu anakuletea samaki mbichi kwenye sinia, anakuambia "chagua, tutaelewana". Hamkuelewana. Umekula, umenawa, ndipo bei inakuja na unatazamana na mkeo. Wanavyuoni wengi wamesharutisha bei ijulikane kabla mkataba haujafungwa, na hapa hakuna mazoea ya kuegemea kama chai na chapati za mtaani ambazo kila mtu anajua kikombe ni kiasi gani. Wachoma nyama wametuzidi: pale unaoneshwa nyama mbichi, inapanda kwenye mizani mbele ya macho yako, unaambiwa bei ya kilo, ndipo inaingia motoni. Huo ndio uuzaji. Iweje mchoma mishkaki wa barabarani aogope Suratul Mutaffifin kuliko mwenye hoteli aliyetundika Ayatul Kursiy ya dhahabu ukutani?

Na nitasema linaloniuma zaidi. Yule kijana aliyekuletea sahani. Katika Sahih Bukhari tumefundishwa kwamba mtumishi akikuletea chakula na usimkalishe naye, basi umpe japo tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba joto lake na taabu ya kukiandaa. Wapo wapishi wanaoshinda kwenye moshi tangu alfajiri, na chakula chao ni ukoko na mchuzi uliobaki. Mshahara unasogezwa mwezi hadi mwezi. Adhuhuri inaadhiniwa, wateja ni wengi, anaambiwa asubiri, anasubiri mpaka Alasiri. Halafu juu ya kaunta imeandikwa "Haadhaa min fadhli Rabbi". Katika hadithi al-Qudsi, Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa yeye ndiye mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Wewe unaogopa kula kuku ambaye humjui mchinjaji wake, huogopi kula jasho la mtu?

Nitajibiwa kwa hadithi, na hadithi ni sahihi: Mtume (s.a.w.) hakukitia aibu chakula kamwe, akikitaka alikula, asipokitaka alikiacha. Naam. Alipoletewa mjusi wa jangwani hakumla na hakuwazuia wengine. Hiyo ni adabu ya mezani: usikunje uso, usimvunje moyo mke wako kwa sababu chumvi imepungua. Lakini Mtume huyo huyo ndiye aliyetia mkono ndani ya rundo. Ladha ikikukera, nyamaza. Udanganyifu ukiuona, hapo huna ruhusa ya kunyamaza. Anayezichanganya hadithi hizi mbili anamfanyia kazi mwenye karai bila mshahara.

Wengine mtasema ninavunja biashara za Waislamu. Biashara za Waislamu zinavunjwa na kuharisha! Tena nimewaona mama ntilie wengi wanaopika sufuria moja, ikifika saa nane mchana imekwisha, sufuria linaoshwa, hakuna cha kulaza. Huyo hana kibandiko. Na yeye pia akiosha sahani mia kwenye beseni moja la maji yaleyale nitamwambia, sina mtu wa kumpendelea.

Nasi masheikh tusikilizane. Tunaalikwa kufungua migahawa, tunakata utepe, tunaomba dua, tunapewa sinia la kwanza na bahasha. Ni nani kati yetu aliyeomba kupitishwa jikoni kwanza? Dua yetu imekuwa tangazo. Mwenye mgahawa anayetaka niende kumuombea, nitakwenda, lakini nitaanzia kwa wapishi na nitawauliza walipwe lini.

Basi wewe msomaji, ukiingia mahali, uliza bei kabla ya kukaa. Uliza wali umepikwa saa ngapi. Ukiona kasoro, mwite mwenyewe pembeni umwambie kwa upole, usitoe simu ukaanza kurekodi. Nasaha hadharani ni fedheha, na huenda akatengeneza leo hii. Ukimwambia mara mbili akakucheka, hama, na akikuuliza jamaa yako kwa nini umehama, mwambie ukweli bila kuongeza chumvi. Na agiza unachoweza kumaliza, maana hizo sinia mnazopiga picha kisha mnaziacha nusu, hesabu yake si ya mwenye hoteli.

Wallahu aalam.

Waliouliza kuhusu zaka ya mgahawa, nitajibu Ijumaa baada ya Isha inshaallah. Na tafadhalini, msinitumie picha za biriani mchana wa Jumatatu na Alkhamisi, wengine tumefunga.