Swali la Udhu na Maradhi Yaliyojificha: Wanaume na Saratani ya Tezi Dume

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mbele ya masheikh na walimu wa madrasa, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, aghlabu na mtu mzima aliyesubiri hadi wenzake wametoka msikitini. Nini hukumu ya mtu ambaye akimaliza haja ndogo, akastanji na kutia udhu, huhisi matone yakimtoka hali ya kuwa amekwisha kusimama safuni?

Jibu la kifikihi linajulikana. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, mtu asiyeweza kuzuia mkojo ni mwenye udhuru. Atajisafisha, atajifunga kitambaa, atatawadha baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, kisha atasali wala hatajali kinachomtoka bila ya hiari yake. Muulizaji hushukuru, huvaa viatu vyake na kwenda zake.

Rai yetu katika makala haya ni kwamba jibu hilo, ijapokuwa ni sahihi, ni nusu ya jibu. Limetengeneza sala ya mtu huyo na limeacha mwili wake. Nusu iliyobaki ni kumwambia: ndugu yetu, kesho nenda hospitali ukapimwe tezi dume.

Tezi dume ni nini?

Tezi dume ni kiungo kidogo alichoumbiwa mwanamume peke yake. Katika ujana hukaribia ukubwa wa ndimu ndogo. Ipo chini ya kibofu, nayo imeuzunguka mrija unaotoa mkojo, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Mwanamume anapovuka miaka 50, tezi hiyo kwa kawaida hutanuka. Ikitanuka huubana mrija: mkojo ukawa dhaifu, ukakatika-katika, ukabakia kibofuni, na mtu akaamka usiku mara tatu au nne, hata watu wa nyumbani wakadhani ameshikamana na kisimamo cha usiku.

Hapa ni lazima tupambanue mambo mawili yanayochanganywa sana vibarazani. Kutanuka kwa tezi dume si saratani. Wengi wa wenye dalili tulizozitaja wana mtanuko wa kawaida, ambao una dawa na, ikibidi, upasuaji. Lakini hata huo haufai kupuuzwa, kwani humfikisha mtu mahali pa kuziba mkojo kabisa, akawekewa mpira, na figo zake zikadhurika.

Ama saratani yenyewe, jambo lake ni la hatari zaidi kwa sababu ni la siri zaidi. Aghlabu huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija wa mkojo. Kwa hiyo inaweza kukua miaka mingi bila ya kumbana mtu, bila ya maumivu wala tone la damu. Anayesema "nitapima nikiona dalili" hajui kwamba kuigundua mapema maana yake ni kuigundua kabla ya dalili.

Ukubwa wa msiba

Kwa mujibu wa takwimu za taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2022 wanaume zaidi ya milioni 1.4 waligunduliwa kuwa na saratani hii ulimwenguni, na karibu 397,000 walifariki kwayo. Katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ndiyo saratani inayoua wanaume wengi kuliko nyingine. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kwamba wagonjwa wapya kwa mwaka wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 ifikapo mwaka 2040, na kwamba mzigo mkubwa wa ongezeko hilo utaziangukia nchi maskini, ambako watu wanaanza kuishi umri mrefu.

Watu watatu wana haki ya kujihadhari zaidi: mwenye umri mkubwa, mwenye asili ya Kiafrika, na mwenye baba au ndugu wa damu aliyeugua maradhi haya. Huyu wa tatu hatari yake hukaribia mara mbili ya mtu mwingine. Hata saratani ya matiti kwa mama au dada huhesabiwa, kwani zipo kasoro za kurithi zinazoleta maradhi yote mawili. Sisi ni watu tunaojua kuulizana mirathi ya shamba hadi ya mnazi mmoja. Kwa nini tusiulizane babu alifariki kwa maradhi gani?

Katika nchi zetu wengi hufika hospitali wakati saratani imekwisha kuhama. Hupenda mifupa: nyonga na uti wa mgongo. Mzee hulalamika mgongo miezi sita, hukandwa kwa mafuta, hupigwa chuku, hadi siku miguu inapokataa kumbeba. Hapo tiba iliyobaki si ya kuondoa maradhi, bali ya kuyapunguza kasi. Msingi wake ni kuiondoa homoni ya kiume, ama kwa sindano za maisha zenye gharama, ama kwa upasuaji wa kuondoa korodani zote mbili, njia ambayo Charles Huggins alidhihirisha faida yake mwaka 1941. Sharia, iliyoharamisha kumhasi mtu, haimzuii mgonjwa kutibiwa hivyo kwa dharura. Lakini tuzingatie jambo hili: mtu alikimbia kipimo cha dakika chache kwa kuona kinavunja heshima yake ya kiume, na kukimbia huko kukamfikisha penye tiba hii.

Haya isiyokuwa mahali pake

Haya ni katika imani, na hatusemi neno la kuipunguza. Lakini ipo haya inayomhifadhi mtu na ipo inayomwangamiza. Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa na tatizo la kutokwa na majimaji ya madhii mara kwa mara. Aliona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa alikuwa amemuoa binti yake. Alifanya nini? Hakunyamaza. Alimtuma Al-Miqdad bin Al-Aswad amuulizie, na hukumu ikapatikana. Haya yake ilibadilisha njia ya kuuliza, haikuliua swali. Basi anayeona haya kumwambia daktari, na amtume mwanawe, au rafiki yake, au imamu wake.

Ama kufunua utupu, mafakihi wamekwisha kuamua kwamba mgonjwa humfunulia tabibu kwa haja, kwa kadiri ya haja tu, na tabibu mwanamume hutangulizwa kwa mgonjwa mwanamume anapopatikana. Mgonjwa ana haki ya kuliomba hilo.

Na mizaha ya vibarazani kuhusu "kipimo cha kidole" imewazuia wanaume wengi kuliko umasikini. Ukweli ni kwamba siku hizi mwanzo wa uchunguzi ni damu ya mkononi. Kipimo hicho huitwa PSA, nacho hupima protini inayotolewa na tezi dume. Uchunguzi wa kidole, ambao daktari huufanya kwa glavu ili kuhisi kama tezi ina ugumu au uvimbe, bado una nafasi yake, hasa kwa mwenye dalili au ambaye damu yake imeleta shaka. Nao ni dakika moja.

Uadilifu katika kuzungumzia kipimo

Hatutakuwa waadilifu tukikisifu kipimo bila ya kutaja upungufu wake. PSA hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa mtanuko wa kawaida na kwa maambukizo ya njia ya mkojo. Katika wanaume ambao kipimo chao ni baina ya 4 na 10, takriban mmoja tu katika kila wanne hukutwa na saratani. Kwa hiyo kipimo kilichopanda si hukumu ya kifo. Ni sababu ya kurudia kipimo, kupigwa picha inapopatikana, na pengine kuchukuliwa kinyama kikachunguzwe.

Isitoshe, zipo saratani za tezi dume zinazokwenda polepole mno, ambazo mtu huzikwa nazo bila ya kuuawa nazo. Kuzitibu zote kwa kisu au mionzi ni kuwaletea watu udhaifu wa tendo la ndoa na kushindwa kuzuia mkojo pasi na haja. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2023 uliwafuatilia kwa miaka 15 wanaume waliogunduliwa mapema. Takriban 97 katika kila 100 hawakuuawa na maradhi hayo, sawa waliopasuliwa, waliopigwa mionzi, na waliobaki wakiangaliwa tu kwa karibu.

Basi je, kipimo kina faida? Utafiti mkubwa wa nchi 8 za Ulaya, uliowahusisha wanaume 162,000 wa umri wa miaka 55 hadi 69 na kutangaza matokeo ya miaka 23 katika mwaka 2025, ulionesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 miongoni mwa walioitwa kupimwa. Kifo kimoja kiliepushwa kwa kila wanaume 456 walioitwa. Faida hiyo si ya kutangaziwa kwa ngoma, wala si ya kudharauliwa. Na sisi huku hatupo katika hali ya Ulaya, ambako hofu ni kutibu kupita kiasi. Msiba wetu ni kuchelewa. Ndiyo maana tunaona maoni ya madaktari wa njia ya mkojo wa Ulaya yanatufaa: mwanamume apewe maelezo kamili, kisha apime kuanzia miaka 50, na mwenye asili ya Kiafrika au mwenye maradhi katika ukoo aanze kufikiria tangu miaka 45. Ama mzee aliyedhoofika kwa maradhi mengine, pengine kipimo hiki hakina la kumzidishia.

Wapo watakaosema ajali imekwisha kuandikwa. Sayyidna Umar (r.a.) aligeuza njia aliposikia tauni imeingia Sham, na alipoulizwa alibainisha kuwa kwenda kwake na kurudi kwake yote yamo ndani ya kadari. Kupima nako ni kadari.

Na wapo wanaouza chupa nje ya misikiti siku ya Ijumaa, wakidai kuwa zinayeyusha tezi dume kwa siku saba. Hatuikatai habasoda wala asali. Tunachokikataa ni mtu kuifanya kisingizio cha kutopima, na muuzaji kula mali ya mgonjwa kwa ahadi asiyoweza kuithibitisha.

Tunapendekeza nini?

Kwanza, kila imamu na mwalimu anayeulizwa suala la matone ya mkojo asimwachie muulizaji aondoke na fatwa peke yake. Amwelekeze hospitali, na akiweza amsindikize.

Pili, kamati za misikiti ziwaalike madaktari waliomo katika safu zetu wafundishe baada ya sala, wanaume watupu, maswali yaandikwe kwa karatasi bila ya majina. Elimu itangulie, kipimo kifuate. Kupima umati wa watu bila ya kuwaeleza wala kujua nani atawafuatilia ni kuwatia hofu bure.

Tatu, sanduku la msikiti likumbuke nauli na gharama za asiyejiweza anayepelekwa hospitali ya rufaa au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Nne, wake na watoto wasione haya kumhimiza mzee. Wao ndio wanaojua anaamka mara ngapi usiku.

Mzee Nelson Mandela aligunduliwa na saratani hii mwaka 2001, akiwa na miaka 83, akatibiwa kwa mionzi, na akaishi hadi mwaka 2013. Umri umo mikononi mwa Mola, lakini sababu ametukabidhi sisi. Kiwiliwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Kwa hiyo, ewe uliyevuka miaka 50 na hujapima, ukisoma haya kabla ya Ijumaa ijayo, usingoje swali lako la udhu likujie.

Wabillahi tawfiq.