Ukimwajiri mshikaji, jiandae na soo!

Wiki hii mnivumilie kidogo, maana najianika mwenyewe hadharani.

Mkono unaoandika safu hii ndio huo huo unaoshika mashine ya kunyolea. Nina kisaluni changu Mwananyamala: viti viwili, redio, na kioo chenye ufa. Kiti cha pili nilimpa mshikaji wangu. Tumesoma wote hadi kidato cha nne, na mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyekesha nami msibani hadi tukaanua tanga. Mtu kama huyo akichacha, utamnyima kazi? Nikamwambia njoo, nitakulipa kwa mwezi. Hatukuandikiana hata mstari mmoja. Washikaji waandikiane, kwani wao benki?

Mwezi wa kwanza mambo bomba. Wa pili akaanza kufika saa tano, macho mekundu. Masela wake wa kijiweni wakawa wananyolewa bure, wakati kichwa ni shilingi 3,000 na umeme wa luku nanunua mimi. Mteja akilalamika amekatwa vibaya, jamaa anacheka tu: "Si zitaota, mzee!"

Je, nilimwambia? Hapo ndipo ninapoona haya. Nilimwambia kwa utani. Jioni tukinywa kahawa namchokoza, "Wewe siku hizi unaamka na wastaafu," watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote. Mimi nikienda kulala najiona nimeshamkanya. Yeye akienda kulala anajua katupiwa utani na rafiki yake.

Aliyeumia ni dogo mmoja niliyemweka kuosha vichwa na kufagia. Huyo saa mbili kamili yupo mlangoni. Siku moja mvua ikamchelewesha, nikamfokea mbele ya wateja. Hakujibu. Jioni yake akakunja aproni, akaiweka juu ya kiti cha mshikaji wangu. "Kaka," akasema, "naona sheria za hapa ni zangu peke yangu." Akaondoka.

Uoga wangu ulivyo, hata hapo sikuongea. Mwisho wa mwezi nikamkata mshikaji nusu ya mshahara, kimyakimya, kufidia vile vichwa vya bure. Lilikuwa soo! Tulifokeana barabarani hadi mama ntilie wa jirani akasahau maandazi yakaungua.

Mteja wangu mmoja, mzee aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi zamani, ndiye aliyenikalisha chini. Akaniambia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu ujinga ule. Ukitaka kumkata mfanyakazi kwa hasara aliyosababisha, sharti umwonyeshe hesabu kwa maandishi, apewe nafasi ya kuipinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Na anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, notisi yake si chini ya siku 28. "Akikupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi," mzee akauliza, "daftari unalo?" Sikuwa nalo. Mali bila daftari hupotea bila habari, nimeuimba msemo huo tangu shule ya msingi!

Nikamrudishia mshikaji hela yake. Kesho yake asubuhi, kabla hatujafungua, nikamwambia yote bila kucheka: kuchelewa, vichwa vya bure, wateja waliohama. Akakaa kimya kitambo kirefu. Halafu akasema, "Mbona hukuniambia siku zote? Mimi nilijua unatania." Jamani, iliniuma, maana alikuwa na haki.

Sasa tuna mkataba wa ukurasa mmoja, na daftari linaning'inia kwenye msumari. Amechelewa tena mara mbili. Mara ya pili nikampa onyo la maandishi, mkono ukinitetemeka kama wa mwizi. Alisaini, kisha wiki mbili nzima hakuja kunywa kahawa. Sasa anakuja, ila anakaa benchi la upande wa pili. Kazini anafika saa mbili na nusu, tuliyokubaliana.

Yule dogo nimempigia simu mara kadhaa, hapokei. Kama unasoma hapa, mdogo wangu, njoo uchukue hela ya siku zako nne, ninayo. Na aproni yako sijampa mtu.

Haya wapenzi, tukutane wiki ijayo.