Mwondoleeni Mama Mchi, Mwachieni Chungu

Kuna imani inayozidi kupata wafuasi mjini Baraka: kwamba jiko la nyumbani limepitwa na wakati. Tambi za pakiti zinaiva kwa maji moto tu, sardini iko ndani ya kopo, biskuti haidai kuni. Eti ndiyo maendeleo yenyewe, kiwanda kitapika na mama atapumzika. Imani hiyo ni potofu, na kwetu Fizi ni ya hatari.

Tuanze na muhogo, maana ndio unaotulisha. Muhogo mchungu una sumu. Mama anaumenya, anauloweka siku kadhaa, anauanika, anautwanga, ndipo tupate unga wa bugali. Sombe, yaani majani ya muhogo, nayo hutwangwa, kisha huchemshwa muda mrefu. Hata ndakala, samaki mdogo wa pembeni, ana kazi yake: protini zake huusaidia mwili kuondoa sumu iliyobaki. Huo ni ufundi wa vizazi na vizazi. Njaa au vita vikiwalazimisha watu kuufupisha, konzo hubisha hodi: miguu hupooza ghafla, na haiponi tena. Daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo kule Kwango, humu humu Congo, mwaka 1938. Mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba umeonekana hapa Kivu Kusini, katika mazingira ya vita. Anayeliita jiko la mama ushamba hajui ni nini kinachomlinda.

Wapo watakaonitajia Plumpy'Nut, chakula-tiba cha karanga. Kweli, pakiti ile ya gramu 92, yenye kalori 500 hivi, haitaki maji wala moto, na inaokoa watoto. Lakini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1996 kama tiba ya utapiamlo mkali. Mtoto akipona hurudi kwenye chungu cha nyumbani, na chungu hicho kikiwa kitupu, ataugua tena.

Tena pakiti hutegemea safari. Ije kwa boti katika Ziwa Tanganyika au kwa barabara ya Uvira, mvua ikikata njia au risasi zikilia, bei inapanda na rafu za duka zinabaki wazi. Muhogo hungoja ardhini miezi mingi, na samaki mukeke yumo ziwani mbele ya macho yetu. Watu waliokwisha kukimbia mara nyingi kama sisi hawapaswi kuyaweka matumbo yao mikononi mwa mfanyabiashara wa mbali.

Hoja nzito ya upande wa pili ni uchovu wa wanawake, na hiyo siipingi. Kuni ziko mbali, njia ya porini inatisha, maji yanabebwa kichwani, mchi unavunja mgongo. Lakini tambi haimfikishii mama maji wala haimsagii unga. Anachohitaji ni mashine ya kusaga karibu na nyumbani, bomba la maji mtaani, jiko linalokula makaa machache, na mume na wana wa kiume wanaochota maji na kupasua kuni bila kuona haya.

Viongozi wa Baraka na mashirika yanayotusaidia, wekeni pesa huko. Vipeni vikundi vya wanawake mashine za kusaga muhogo na sombe, wazimiliki wao wenyewe. Na wewe baba unayesifu chakula cha pakiti kwa kumhurumia mkeo, anza leo: mwondolee ndoo kichwani.