Adungu na spika vivuke mpaka bila kikwazo

Mfanyabiashara yeyote wa Arua au Koboko anajua kwamba sokoni sauti ndogo haisikiki. Ndivyo ilivyo kwa adungu, kinubi cha ndugu zetu Waalur wa Nebbi, Zombo na Mahagi upande wa Kongo. Nyuzi zake ni laini na waimbaji wake hupokezana kwa upole. Penye jenereta na bodaboda, upole huo humezwa. Ndiyo maana adungu siku hizi hufungwa kipaza sauti, na wenye moyo huiweka kando ya gitaa la umeme linalonguruma.

Wapo wanaosema kelele hizo zinaharibu mila. Hatukubaliani nao. Walugbara wana agwara, tarumbeta ndefu zinazopigwa kwa kishindo. Upole na kishindo vyote ni vyetu.

Marekani, miaka ya 1960, vijana walifanyia mazoezi ndani ya gereji za nyumbani, na roki yao ikapata jina humo. Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono No. 1 alitengeneza vipaza sauti kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu ili likembe isikike mtaani. Mikwaruzo iliyotoka humo ikawa ndiyo ladha ya bendi.

Kinachotusumbua ni biashara yenyewe. Albamu ya Konono, Congotronics, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Ubelgiji. Mwaka 1990 Geoffrey Oryema, Mwacholi aliyeikimbia Uganda ya Idi Amin, alitoa Exile kupitia kampuni ya Uingereza. Sauti hutoka kwetu, ikafungashwa mbali. Wauza kahawa wanaujua mchezo huo.

Soko la jirani lipo. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Arua hadi Ariwara, au Koboko hadi Kaya kupitia Oraba, si mbali, na Wakakwa wana ndugu katika nchi zote tatu. Lakini utaratibu rahisi wa Jumuiya, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, uliwekwa kwa bidhaa za kuuzwa. Spika na gitaa vinavyokwenda kupigwa usiku mmoja na kurudi kesho yake si bidhaa. Ni vyombo vya kazi, kama mizani ya muuza samaki.

Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatambua uingizaji wa muda. Tunaziomba nchi tatu zikubaliane fomu moja ya vyombo vya muziki, iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa dirishani mpakani, kila mtu aisome.

Nanyi wafanyabiashara, mnapofungua duka au vyama vyenu vinapokutana, iteni bendi kutoka ng'ambo na mzilipe siku hiyohiyo, kama mnavyomlipa mwenye lori. Soko halijengwi kwa makofi peke yake.