Ugomvi Ndani ya Tangi la Kioo

Fahali wawili hawakai zizi moja. Jirani yangu hapa Mwadui aliwaletea wanawe furu wanane kutoka Mwanza, akawaweka sebuleni katika tangi la kioo. Alidhani kwamba samaki wa ziwa moja na wa kimo kimoja wangepatana. Haikupita wiki, dume mmoja akawa amelitwaa tangi zima. Wenzake walijibanza pembeni, mapezi yameraruka.

Dume huyo hana wazimu. Furu dume hujichagulia mahali pa kuzalia, naye humfukuza kila dume anayekaribia, hasa anayefanana naye kwa rangi. Ziwani aliyeshindwa hukimbia, ugomvi ukaisha. Tangini hana pa kukimbilia, na aghalabu huuawa. Jike naye hulea mayai kinywani. Akisumbuliwa huweza kuyatema au kuyameza.

Watoto walilia baba yao alipotaka kumtupa mkorofi. Nilimshauri ayapange mawe upya ili mipaka ya zamani ipotee, aongeze maficho, abakize dume mmoja na majike kadhaa, tena asithubutu kumtia kambare humo, kwani akikua atawameza.

Furu wanastahili kutunzwa. Sangara walipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Walipozagaa katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka. Baadhi zimesalia katika matangi ya wafugaji tu, mbali na ziwa lao.

Basi kabla ya kumlaumu mgomvi, tuitazame kwanza nyumba tuliyompa.