Hatuna Nafasi

Wasomaji wetu, mwezi huu twapenda kunena juu ya jibu lisikiwalo katika kila nyumba, tangu Kinondoni hata Temeke: "Sina nafasi."

Hapo kale mtu alisema hivyo akiwa na kazi mkononi. Siku hizi husema hata aliyekwama katika foleni ya Mbagala, ameketi tu, hana la kufanya ila kutazama gari lililo mbele yake.

Sababu yafahamika. Kazi nyingi ziko Kariakoo na karibu na bandari. Nasi twalala mbali, Mbagala, Tegeta, Bunju, kwa kuwa kiwanja cha katikati ya mji bei yake hatuiwezi. Basi baba hutoka saa kumi na moja alfajiri, watoto wangali wamelala. Hurudi saa tatu za usiku, nao wamekwisha kulala tena.

Mwezi wa Mei mwaka 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi, kutoka Kimara hata Kivukoni, katika njia yao wenyewe, na tawi moja likafika Morocco, huko Kinondoni. Tulifurahi sana. Lakini tumeona jambo la ajabu: nusu saa iliyookolewa barabarani haikufika nyumbani. Mwenye duka alichelewa zaidi kufunga. Mwenye kibarua alitafuta cha pili. Hatuwalaumu, kodi ya nyumba haingoji.

Wala sisi tusijifiche. Jioni moja mtoto wetu alileta daftari lake tulitazame. Tukamwambia, "Kesho." Siku ya pili tukasema tena, "Kesho." Siku ya tatu tulimkuta kwa jirani, fundi cherehani, ambaye ana sare za watu zamngoja. Fundi ameweka nguo kando, amsikiliza mtoto akisoma. Tulisimama nje ya ua kitambo, tusiweze kubisha hodi.

Tangu hapo tumepatana na mama watoto: kila Jumamosi jua likichwa, simu zote hutiwa kikapuni, kikapu huwekwa juu ya kabati, ndipo madaftari hufunguliwa. (Hesabu za sehemu, twakiri, tumezisahau.) Mara mbili tumeshindwa kwa ajili ya shughuli. Jumamosi iliyopita simu yetu ilikuwa ikilia bado, tukamwona mtoto amesimama mbele yetu, amekishika kikapu kwa mikono miwili.